Baba, Nani Aliizuia Safari ya Ujiji?

Baba yangu,

Shikamoo. Ungekuwa hai, ungeikagua kwanza salamu hii: huyu ananiamkia kwa adabu hivi, anataka nini? Ndivyo ulivyokuwa. Muuza nyama akikupimia, macho yako hayakuwa kwenye nyama, yalikuwa kwenye kidole chake. Mimi nimekurithi pua na shaka, basi usishangae kwamba mwaka huu shaka hiyo imekufikia wewe mwenyewe.

Unalikumbuka karavani lile, nyumba ndogo ya magurudumu uliyoipata kwa Mzungu aliyechoshwa na barabara zetu? Uliileta nyumbani ikivutwa na gari lako, mtaa mzima ukitoka kutazama. Ilikuwa kwa ajili ya Mama. Mgongo wake haukubali tena kukaa kitako kutoka Tabora hadi Ujiji, na dada yake, Mama Mkubwa Shamsa, yuko huko, macho yakimfifia. "Mama Rehema atalala humu kama malkia," ulisema, "na dawa yake italala kwenye friji." Dawa yenyewe insulini. Barafu uliikataa, ukasema itaigandisha na kuiharibu. Gesi ya friji nayo uliikataa, hukuamini moto unaowaka ndani ya kitu kinachotembea. Ukabaki umeme wa gari.

Fundi Maulidi wa Kanyenye akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akaufikisha kwenye soketi ya nyuma ya gari, pale karavani linapochomekwa. Ukaniita uani nijifunze kupima. "Taa za nyuma za karavani zikiwaka usidanganyike," uliniambia. "Taa zina waya wake na friji lina wake. Pima tundu la friji lenyewe." Gari likizimwa, tundu lile lisiwe na umeme, friji lisije likanyonya betri. Gari likiunguruma, umeme uje. Kitaa kidogo cha kupimia hukukiamini, ulisema kinawaka hata kwa umeme mchovu. Ulichukua balbu ya taa kubwa ya mbele, kwa kuwa hiyo ina njaa kama friji. Ikawaka mpaka nikafumba macho. Mama alikuwa mlangoni. Alipiga kigelegele.

Asubuhi ya safari, mabegi yakiwa tayari, ukapima tena. Giza.

"Umeona?" ulisema, wala hukuonyesha kushangaa.

Fundi alikuja, akakuta mahali pa fyuzi ni patupu. Akaapa kwamba aliiweka. Akaweka nyingine, ikawaka, akaenda zake, lakini siku ilikuwa imekwishapita, ukaiahirisha safari. Safari ya pili ilipowadia, giza tena, na fyuzi haipo tena. Hapo ndipo uliponichukua hadi gereji yake Kanyenye, ukasimama mbele ya wateja wake na mafundi wenzake ukamwita mwizi.

"Mzee, niite mjinga nitavumilia," alisema, grisi imempanda hadi kwenye viwiko. "Mwizi hapana. Fyuzi yako niipeleke wapi?"

"Unaitoa ili nirudi kwako. Nani mwingine anajua ilipo?"

Nilikuamini. Tangu siku ile nikipita Kanyenye nilivuka upande wa pili wa barabara nisikutane na macho yake. Mama alizitoa nguo zake kwenye begi, moja moja, akazirudisha kabatini. Na ukimya wake nao niliutilia shaka, nikadhani labda yeye mwenyewe hataki kwenda.

Kisha ukatutoka, Baba. Hatujamaliza kupokea rambirambi, habari ikaja kutoka Ujiji kwamba Mama Mkubwa haoni kabisa. Eda ilipokwisha, Mama akaniambia, "Nataka kwenda. Anisikie sauti angalau."

Nikatoka uani na balbu. Nikawasha gari, nikapima tundu la friji. Giza. Nikafungua boneti: mahali pa fyuzi palikuwa bado patupu, maana baada ya ugomvi ule hakuna aliyeweka nyingine. Damu ikanipanda. Nikaingia ndani kuchukua mtandio.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Kanyenye. Leo Maulidi atanieleza."

"Keti, Rehema."

Akaenda chumbani, akarudi na kile kikasha chako cha miwani. Akakifungua mbele yangu. Ndani, chini ya kitambaa cha kufutia, fyuzi mbili, nzima kabisa, hazikuungua.

"Baba yako alikuwa akizitoa," alisema. "Nilimwona kwa dirisha la jikoni, mara zote mbili."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Unakumbuka tulivyokwenda Ipole, sukari ikanishuka njiani, nikazimia? Tangu siku ile aliniogopea barabara. Kunikataza kwenda kwa dada yangu hakuweza. Akaona bora gari ndilo likatae."

Nikamweleza kuhusu Kanyenye, maana hakuwapo. Hakujua kwamba kwa ajili ya hofu yako mtu aliitwa mwizi hadharani. Alikifunga kikasha kile. "Hilo," alisema, "hakuniambia."

Niliirudisha fyuzi moja mahali pake na balbu ikawaka kama siku ile ya kwanza. Hata hivyo nilipima tena baada ya chakula, na tena jioni, na ufunguo wa gari nikalala nao mwenyewe. Friji tulilipoza kwanza kwa umeme wa nyumbani, kwa kuwa ule wa gari kazi yake ni kulinda baridi iliyokwishapatikana. Urambo nilisimama kugusa chupa za dawa. Kaliua nikasimama tena. Tulipovuka Malagarasi zilikuwa bado baridi, na Mama, amejilaza ndani, akaniambia niache kuzipapasa chupa zake kama wagonjwa wa homa.

Ujiji, Mama Mkubwa alimpapasa Mama uso mzima, paji, mashavu, kidevu, kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani. Akauliza, "Mbona mlinichelewesha hivi, hata nikakosa kukuona?"

Mama akajibu, "Gari, dada. Lilitusumbua umeme."

Hakukutaja. Nilitoka nje nikalia, na mpaka leo sijui kama nilikulilia au nilikukasirikia. Ulimpenda sana, Baba. Lakini ulimnyima macho mawili ya dada yake yaliyokuwa yakimngojea.

Tuliporudi nilikwenda Kanyenye. Fundi Maulidi alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayesubiri kutukanwa mara ya pili. Nikamwambia: fyuzi alizitoa baba yangu mwenyewe, wewe hukuiba kitu.

Aliweka spana chini. "Mzee alijua, siku ile alipokuja hapa?"

"Alijua."

Akajifuta mikono kwa tambara. Kisha akasema, "Basi sema kwa sauti, dada. Wale wa duka la pili hawajasikia."

Nikasema kwa sauti. Na kwa kuwa wengine waliokuwapo siku ile wamekwishahama, nimeandika haya na kuyaacha wazi, yawafikie popote walipo.

Upande wangu nimekusamehe, Baba. Upande wa fundi sina mamlaka nao. Mungu akulaze mahali pema, pasipo na barabara ya kuogopa.

Binti yako,
Rehema