Jiwe Kwenye Picha

Jumanne, 7 Februari 1995

Maji, kuni, uji wa watoto. Nimeinama kuchochea moto, nikashindwa kuinuka. Nimebaki nimeshika magoti mpaka Felista akaja kunivuta. Binti yangu ameshazoea, hata hashtuki.

Mvua imelainisha ardhi. Kijiji chetu chote cha Msanzi kiko mashambani, watu wanafukia majani na kuinua matuta. Mimi nimeinua machache, nikakaa. Mama mkwe amepita na jembe begani, akaniangalia, akaenda zake. Mgongo wake umepinda kama mundu na analima mpaka jua linazama. Leo simpendi.

Jumapili, 12 Februari

Mgongo ulipoanza, zahanati walisema malaria. Mwaka uliofuata wakasema homa ya matumbo. Nesi mmoja akasema ni uzazi, nitulie. Mganga wa Mwimbi akasema nimetupiwa kitu, akanichanja chale. Alipokaribia uzi wangu wa kiunoni chini ya khanga, wenye kipande cha chuma alichonifunga bibi yangu, alihamia juu. Hata yeye anajua hauguswi.

 Jana nimemsikia Baba Felista akimwambia kaka yake kwamba wanawake wengine wakiona jembe ndipo wanaugua. Nimekaa jikoni nikalia. Natamani ningevunjika mguu, watu wauone. Nataka jina moja la ugonjwa huu, la kweli, nimpelekee mume wangu.

Alhamisi, 16 Februari

Nimekuja mjini juu ya lori la mfanyabiashara wa mahindi. Wanunuzi siku hizi ni wao, ghala la ushirika limebakia la popo. Kila shimo la barabara nimelihesabu kwa kiuno. Nimefikia mtaa wa Chanji kwa dada yangu. Mitumba kila kona, na vidonge vinauzwa dukani pamoja na sabuni. Dada anasema kuna kituo kipya cha matibabu, cha mtu binafsi, kina mashine ya kupiga picha mifupa. Kesho.

Ijumaa, 17 Februari

Mpiga picha ni kijana wa kiume. Ameniambia nivue, akageukia ukutani kwa haya. Nimevua kila kitu kinachovuliwa, nikajifunga khanga.

Daktari ameiinua picha dirishani. Doa jeupe, la mviringo, kama punje ya haragwe. Jiwe la figo, amesema. Niende Mbeya wakalitoe.

Nimetoka ninalia kwa furaha. Watu wa kwenye benchi wakanipa pole.

Jumapili, 26 Februari

Picha imetazamwa na kijiji kizima. Baba Felista ameibandika dirishani na kila mgeni anaonyeshwa doa kwa kijiti. Ameuza mbuzi kwa ajili ya safari ya Mbeya bila kuguna. Mama mkwe analeta maji kila asubuhi, anayatua mlangoni, haingii. Nimegusa jembe akaninyang'anya. Kanisani wameniombea.

Mgongo unauma vilevile. Ila nalala vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wananiamini.

Jumatano, 8 Machi

Mbeya. Baridi kama ya kwetu. Daktari ametaka picha mpya. Safari hii mpigaji ni mwanamke mtu mzima, mikono yake imepita chini ya khanga ikakuta uzi. Akauliza ni nini. Nikamwambia, bibi alinifunga nilipovunja ungo, chuma ni cha tanuru la kuyeyushia chuma la babu yake. Uzi ukichakaa unabadilishwa, chuma hakitoki mwilini. Na mwanamume wa nje hakioni.

Amesema kitoke, au picha haipigwi.

Nimefungua fundo mwenyewe. Nimejisikia mtupu kuliko siku zote za kujifungua.

Alhamisi, 9 Machi

Picha mbili kwenye taa. Ya jana haina doa. Daktari ameomba kile chuma, akakiweka juu ya jiwe langu kwenye picha ya zamani. Kimeenea sawasawa. Hakucheka, namshukuru.

Figo nzima. Mifupa mizima. Nikauliza, sasa ninaumwa nini? Akasema maumivu ya mgongo. Hayo nilitoka nayo nyumbani.

Amenipa vidonge. Na nisiiname sana. Nitalimaje nimesimama?

Jumamosi, 11 Machi

Nimemwambia Baba Felista ukweli wote, mama yake akiwepo. Nilijiandaa kwa maneno makali. Badala yake amerusha mikono juu. "Kumbe u mzima! Hukatwi!" Amechinja jogoo. Nikasema bado ninaumwa, akasema huo ni uchovu wa gari, utaisha. Amefurahi kweli. Nimekosa hata pa kumkasirikia.

 Picha imeshushwa dirishani.

Jumapili, 12 Machi

Wametoa shukrani kanisani kwa kupona kwangu. Nimepiga magoti nikashindwa kuinuka. Wakadhani nasali.

Jumanne, 21 Machi

Maji nimechota mwenyewe. Majirani wamekuja kwa pombe ya ulezi kutusaidia matuta yaliyobaki. Nimelima nao mpaka mgongo ukakataa, nikaenda kukaa nyuma ya tuta la mwisho.

Mama mkwe amenifuata. Akauliza uzi uko wapi. Nikautoa kwenye pindo la khanga. Akautazama, akasema umechakaa, akachana uzi mpya kwenye upindo wa kitenge chake. Akapachika chuma, akanifunga. Wanaume walikuwa mbali, wanaimba.

Alipomaliza fundo hakuondoa mkono. Kidole gumba kikashuka kidogo, kikabonyeza mfupa. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kupagusa.

"Hapa?"

"Hapo, mama," nikasema.

Akabonyeza tena, polepole. Akasema mgongo wake ulianza kuuma hapohapo, Baba Felista akiwa bado tumboni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

 Kisha tumeokota majembe.