Mlango wa Chumba cha Papa

Jumamosi. Ukungu umelala hapa kijijini Burungu tangu asubuhi, ng'ombe wa jirani nawasikia tu, siwaoni. Nimeamka na kifua kizito, na kila anayenisemesha namjibu vibaya.

Jumatatu fundi Bahati anakata mbao za chumba tunachomwongezea Papa, baba yangu mzazi, ambaye miguu yake haimsimamishi tena. Kuta zimefika kiunoni. Fundi alitaka vipimo vya mlango na dirisha leo, na mimi na mume wangu Désiré tulikuwa tumemaliza wiki nzima bila kupatana.

Désiré alitaka mlango wa sentimita themanini, unaoingilia sebuleni, na kidirisha chenye antivole, zile nondo za kuzuia wezi. Mimi nilitaka mlango mpana, utokee uani moja kwa moja.

"Mama Neema, unajenga nyumba ao kanisa?" aliniuliza. "Mulango kubwa njo mwizi anapendaka."

Fundi alicheka. Mimi sikucheka. Désiré anajua vizuri ninachowaza, ila hatukitaji.

Mwaka jana risasi zilipoanza kulia mlimani, tulimlaza Papa kwenye kipoyo, machela yetu ya mianzi, ili tumtoe. Kikakwama kwenye kona ya ujia. Tukakigeuza ubavu, Papa akateleza. Tukakiinua tena, kikagonga fremu ya mlango na ngumi zetu zikachubuka. Watoto walikuwa wanalia uani. Mara ya tatu Papa akasema, "Muniache. Muende na batoto."

Nikaenda.

Sijawahi kumwambia mtu, naandika hapa: sikubishana naye. Désiré ndiye aliyesita, mimi nikamvuta mkono. Siku nne tulizokaa Kitchanga, tulikokimbilia, nilijiambia kwamba Papa aliamua mwenyewe. Tuliporudi tulimkuta hai, midomo imepasuka kwa kiu, akauliza kama watoto wamekula. Basi. Habari hiyo hakuigusa tena.

Leo mchana nilikitoa kipoyo uani nikakipima mwenyewe, mpini hadi mpini, kisha nikaongeza ngumi za wabebaji pande zote mbili. Désiré alinitazama nikipima. Halafu akamwambia fundi aandike mita moja na ishirini, mlango utokee uani, ila dirisha libaki dogo na nondo zake. Nikakubali. Nilidhani tumemaliza, nikaanza hata kupumua.

Papa alikuwa ameketi kando ya ukuta, blanketi magotini. Akamwita fundi.

"Ifungukie inje."

Fundi akamweleza kwa heshima kwamba mlango wa namna hiyo mvua inauharibu, na bawaba zake zinabaki wazi kwa wezi. "Papa, bantu bote banafungulaka kwa ndani."

"Ile siku nilitambaa mpaka ku mulango," Papa akasema. "Nilivuta, ikanigonga mu kifua. Mutu mwenye kulala chini hawezi kufungula mulango yenye kumukujia."

Alisema polepole, kama anayezungumzia kazi ya mbao tu. Hakunitazama.

Kumbe alikuwa anatufuata.

Na mlango ule niliufunga mimi, kwa mkono wangu, ili wanaopita wadhani nyumba haina mtu.

Fundi ameandika kama Papa alivyotaka, akaenda zake. Désiré ametoka, hajasema anakwenda wapi. Mimi nimejifungia jikoni naandika haya. Maziwa ya Papa nimeyachemsha mara mbili na mara zote mbili yamepoa, na yeye yupo pale pale nje anayangoja. Nikimpelekea, nitaanza na neno gani?