Jina Juu ya Mlango wa Kulia

Maddox Gap, North Carolina
3 Machi 2021

Ndugu yangu Lucius,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Earlene. Kama unashangaa nimeipata wapi anwani yako, muulize yeye. Kumbe miaka yote hii mke wangu anakutumia kadi za Krismasi, na mimi ninayejiita mwenye nyumba sina habari! Hujambo lakini? Presha yako je? Mimi goti la kushoto limegoma. Daktari anataka kuniwekea jipya, nikamwambia sisi mafundi huwa tunatafuta kwanza lililotumika kidogo.

Pole kwa kufiwa na mkeo Dorothea. Najua imeshapita miaka saba. Nimechelewa, na sina la kujitetea.

Sasa nikupe lililonifanya nishike kalamu. Gari letu lipo, Lucius! Namba 62, nzima, kwenye banda la kuku chini ya turubai. Siku ya Magari ya Zamani itafanyika Harlow Creek tarehe 9 Oktoba, na wanataka lizunguke uwanja mara tano watu walione. Injini nitachomoa kwenye lori la mpwa wangu. Taabu moja tu: tangu chama kikubwa cha mashindano kipige marufuku bendera ya waasi wa Kusini mwaka jana, binti wa marehemu Coy Bledsoe, ambaye sasa ndiye mwenye uwanja, naye haitaki kwake. Haitaki kwenye nguzo, kwenye fulana wala kwenye paa la gari. Na unajua paa la 62 lina nini.

Watu huku wamechafukwa. Wanasema tunaporwa historia yetu. Mimi nikawaambia tulieni, ninaye mtu. Andika mistari miwili tu, Lucius. Sema wewe ni mtu mweusi, injini ya gari hilo uliiunda kwa mikono yako, na bendera ile haikuwahi kukusumbua. Wakisoma hivyo wataufyata.

Najua tuliachana vibaya kwa sababu ya injini ile iliyopasuka. Mimi ndiye niliyeikanyaga mno. Tusameheane, tumeshazeeka.

Ndugu yako,
Rayford

*

Durham
19 Aprili 2021

Kwako Rayford,

Salamu. Mimi sijambo, presha inapanda na kushuka, namshukuru Mungu. Pole na goti. Mwambie Earlene kadi zake zote ziko kwenye droo ya jikoni. Mwambie pia hatujasahau alivyokuja kumzika Dorothea. Aliendesha gari kwa muda wa saa tatu peke yake, akakaa benchi la nyuma, akaondoka bila kula. Naona hilo nalo hakukuambia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka hadi binti yangu Verna akatoka chumbani kuniangalia. Mara ya nne sikucheka.

Sikuondoka kwa sababu ya injini, bwana. Injini ilipasuka Jumamosi, tarehe 8 Juni 1991, na Jumatatu yake nilikuwa nimeshaagiza pistoni. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikuja kwako nazo, nimezifunga kwenye taulo, Verna kando yangu. Alikuwa na miaka minane. Gari ulikuwa umelisimamisha uani, rangi mpya ya paa inakauka.

Unaijua desturi ya mchezo wetu: jina la dereva huandikwa ukingoni mwa paa, juu ya mlango wake. Wewe ukasema upande wa kulia liandikwe la fundi. Hakukuwa na gari jingine jimbo zima lenye jina la fundi, tena fundi mweusi. Ulinishikia ngazi mwenyewe, nikaandika L. GAITHER kwa rangi iliyobaki ya dari ya baraza ya mama yangu, ile buluu. Verna alijifunza kusoma kwa jina lile. Siku hiyo alishusha kioo cha lori langu akaangalia juu ya mlango wa 62, akaniuliza, "Baba, jina letu liko wapi?"

Nikatazama. Jina langu lilikuwa chini ya bendera ile. Bendera ya watu waliopigana ili babu wa babu yangu abaki mali ya mtu. Ile ile waliyotupeperushia usoni mwaka 1965, asubuhi nilipoingia shule ya wazungu na wenzangu watano. Nawe ulikuwa ng'ambo ya barabara kati yao, Rayford. Uliniambia mwenyewe miaka ya baadaye kwamba uliona aibu. Kwa neno hilo nilikuamini, nikakutengenezea injini kwa miaka kumi na mitatu.

Niligeuza lori. Verna alilia hadi tulipofika barabara kuu. Pistoni bado ninazo.

Na leo unaniomba niandike kwamba haikunisumbua.

Lucius Gaither

*

Maddox Gap
25 Aprili 2021

Lucius,

Natumai u mzima.

Ungesema! Mtu mzima unageuza lori, unahama mji, unakaa kimya miaka thelathini, halafu mkosaji niwe mimi? Kila gari lilikuwa nayo enzi zile. Kila kofia, kila kikombe. Kwangu ilikuwa rangi tu, na hakuna aliyekusudia kumtukana mtu. Na kuhusu jina, kazi ile ilifanywa na mpaka rangi, mimi sikuangalia.

Basi, usiandike kitu. Gari silipeleki.

Rayford

*

Maddox Gap
27 Juni 2021

Ndugu yangu Lucius,

Salamu, na Mungu akujalie afya wewe na Verna. Hujanijibu, na barua ile haikustahili jibu. Ningekuwa wewe ningewashia nayo jiko.

Earlene aliisoma barua yako mezani. Hakugomba. Alinipikia ini la kusaga la kukaanga siku tatu mfululizo, anajua silipendi, na hakunisemesha hata neno moja. Siku ya nne akasema, "Ray, mpaka rangi gani?" Nikabeba sahani yangu nikaenda kula bandani.

Hakukuwa na mpaka rangi. Nilipaka mwenyewe. Hoyt Sparks, yule wa chakula cha kuku, alisema atanipa matairi manne mapya nikiweka bendera kwenye paa, kwa kuwa wateja wake wangeifurahia. Nikachukua ngazi ile ile niliyokushikia. Nilipofika kwenye jina lako nilisimama, brashi mkononi. Niliona, Lucius. Nilijua ninachokipaka. Nikajiambia, Lucius hatajali, nitamwandikia upya kwenye boneti. Halafu nikapaka. Ulipoacha kutokea nikashika habari ya injini, maana injini ilikuwa kosa ninaloweza kulibeba.

Hakuna fundi mwingine aliyeweza kuifanya ile injini ilie kama ulivyokuwa ukiiliza. Gari halikurudi uwanjani. Yale matairi ya Hoyt hayajazunguka hata mara moja, yamekauka na kupasuka pale pale yalipo. Nimeyatazama miaka thelathini na leo ndiyo nimeona aibu yangu yote.

Nimeanza kuikwangua bendera. Sitaki mashine, mashine inakula mpaka bati. Natumia msasa wa maji na mkono, kidogo kidogo, nimekaa kwenye ndoo kwa ajili ya goti. Nyekundu imetoka, nyota zimetoka. Jumanne nilifika ukingoni nikaiona buluu ya baraza ya mama yako. Nililia, naandika kama ilivyo. Herufi zako zipo, mwandiko wako ule ule, A yako pana kama ngazi.

Isipokuwa ya mwisho. Nilikuwa na haraka ya kuliona jina zima, nikazidisha, ile R nikaila yote. Sasa linasomeka L. GAITHE. Ningeweza kuiandika, lakini hilo si langu kuandika.

Sikuombi barua wala chochote. Nisamehe.

Ndugu yako,
Rayford

*

Durham
18 Julai 2021

Kwako Rayford,

Salamu kwako na kwa Earlene. Huku joto kali, nyanya zimeungua, mimi mwenyewe ni mzima.

Barua yako imefika. Nimeiweka juu ya meza wiki mbili, nikila naisogeza, nikimaliza nairudisha. Verna aliisoma. Ana miaka thelathini na minane sasa, anafundisha hesabu, hana mzaha. Akauliza, "Anko Ray ni huyu?" Nikamwambia ndiye. Akaikunja barua akairudisha mezani.

Nashukuru umesema kweli. Lakini umeisemea bandani, Rayford, mbele ya kuku. Uliwaambia watu wa Harlow Creek kwamba unaye mtu mweusi atakayewaandikia kuwa hakuumia. Bado wanaisubiri barua hiyo. Mimi siwezi kuwaandikia, na wala siji huko kuwafundisha. Hao ni majirani zako, unanunua nao petroli, unasali nao.

Sisemi zaidi ya hapo.

Lucius

*

Maddox Gap
22 Agosti 2021

Ndugu yangu Lucius,

Salamu za heri. Sisi wazima, goti kama kawaida yake, Earlene amerudi kunipikia chakula cha binadamu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wenye magari, pale kwenye majukwaa ya uwanja, saa nne asubuhi. Watu kama thelathini. Binti Bledsoe alisoma kanuni, na Darrell Sparks, mtoto wa Hoyt, akanyanyuka. "Mzee Ray anayo barua ya mtu mweusi wake. Msomee, Ray."

Nikasimama. Lucius, mimi nimegonga ukuta kwa kasi ya maili mia moja na sikuogopa vile. Nikasema, "Sina barua. Na si mtu wangu, ana jina lake, Lucius Gaither. Nililifunika kwa bendera ile ili nipewe matairi na baba yako, na tangu siku hiyo sikushiriki tena hata shindano moja kwa sababu sikuwa na fundi. Aliumia. Mtoto wake wa miaka minane aliumia. Nimeikwangua."

"Umelainika, mzee," Darrell akasema. "Na babu wa babu yako aliyekufa akiipigania bendera hiyo je?"

Nikamwambia, "Babu wa babu yangu ana kaburi, naenda kulifyeka kila Mei. Hahitaji paa la Chevrolet." Mtu mmoja akacheka. Wanne walifuta magari yao kwenye orodha wakaondoka, Darrell mmoja wao. Shemeji yangu Buddy hanisalimii, na kanisani amehamia upande wa pili, ambako kwa kweli anaonekana vizuri zaidi. Lakini jana mzee Virgil Absher, unamkumbuka, yule mchemsha karanga wa lango la pili, alikuja bandani na mfuko wa karanga za moto. Akapitisha kidole kwenye herufi zako, akasema, "Nilikuwa najiuliza alikwenda wapi yule bwana." Tukakaa tukamenya karanga.

Lori la mpwa wangu limetoa injini, nimeifunga. Inakohoa kama mvuta sigara. Na nimechomelea kiti cha pili upande wa kulia, chini ya jina lako. Magari haya hayana kiti cha pili, najua. Binti Bledsoe ameniruhusu kwa siku hiyo moja. Kama hutakuja kitakwenda kitupu, mizunguko yote mitano, na anayetaka kuuliza ataniuliza nami nitamjibu.

Ndugu yako,
Rayford

*

Durham
12 Septemba 2021

Kwako Rayford,

Salamu. Mimi mzima. Mwambie Earlene asipike sana.

Chomoa hiyo injini ya lori. Leo hii, usiiwashe tena, utaniharibia jina juu ya mlango na chini ya boneti. Ile ya zamani iweke kwenye stendi, iondoe vumbi kwa kitambaa kikavu, kabureta usiiguse, vali usiziguse. Zile bolti za kichwa zitakuwa zimeshika kutu, zimwagie mafuta kuanzia sasa kila asubuhi na uziache. Tupa yale matairi.

Tutafika Jumanne tarehe 21, kabla ya chakula cha mchana. Nakuja na pistoni, bado ziko kwenye taulo ya Dorothea, na kopo la buluu. Baraza yangu hapa ni rangi ile ile ya mama, niliitafutia muda mrefu. Nitakaa hadi siku ya gari, kama injini itanitii. Ikigoma nitakaa kwenye kiti chako hicho na mtatusukuma.

Verna anaendesha. Ana swali lake la mwaka 1991 na amesema atakuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso, kwa hiyo jiandae, na usimpe jibu la rangi tu. Ameuliza pia nani atakayeishika ngazi. Nikamwambia Anko Ray, kama goti litaruhusu. Amesema basi ile R ataiandika yeye.

Ndugu yako,
Lucius