Mraba Uliobaki na Vanishi Yako

Mwalimu,

Nakuandikia kwa penseli. Karibu na picha hakuna kalamu ya wino, uliniambia siku ya kwanza, na mpaka leo sijavunja sheria hiyo, hata nikiwa mezani kwangu hapa Embu ambapo picha pekee ni ya kalenda. Ni miezi minane tangu tukuzike. Nitakupa habari kwa mpangilio, jinsi ulivyopenda ripoti: kilichobadilika, kilichotokea, nilichofanya.

Kilichobadilika ni kidogo. Chumba chetu cha juu ya duka la vitabu sasa ni cha kinyozi. Mkeo ni mzima. Wiki moja baada ya mazishi alinipa mkoba wako wenye tochi na kioo cha kukuzia, pamoja na katoni ya madaftari, akasema, "Chukua. Miaka yote hii sijaweza kusoma huo mwandiko, na sianzi leo." Watu bado wanapiga simu wakikuulizia. Nawaambia umefariki. Wanatoa pole, halafu wanaanza kunieleza picha yao imepatwa na nini.

Simu moja ilitoka kwa kampuni ya bima hapa mjini. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya kanisa moja upande wa Githongo, mvua ikaingia siku mbili, na picha kubwa ya ukutani ikaloa. Walitaka mtu wa kutathmini hasara na kusema kama inatengenezeka. Nikakubali. Sikujua kwamba picha hiyo ulikuwa unaijua.

Ni ile Harusi ya Kana. Aliichora Mzee Baariu miaka michache baada ya Uhuru, yule fundi wa mabango aliyepanga chumba Majengo kule Meru na kuwachorea wenye bucha vichwa vya ng'ombe. Alitumia rangi ileile ya mafuta ya mabango, juu ya magunia manne ya kahawa aliyoyashona pamoja. Wageni wa harusi ni watu wa Githongo wa wakati ule. Hata leo mtu akimaliza kusali anamwonyesha mgeni wake, "Yule mwenye leso ya kijani ni nyanya yangu." Yesu amesimama kando ya mitungi sita, mkono ameuinua.

Nilianza nyuma. "Mbele kila mtu ameshaangalia," ulikuwa ukisema. Ndivyo nilivyokukuta siku ile ya moto wa hoteli, nikiwa ripota, nawe umepiga magoti majivuni unanusa mgongo wa picha. Uliniuliza ninaandika nini. Nikasema hoteli imeteketea yote. "Hapana," ukasema bila kuinua kichwa. "Jiko na vyumba vitatu. Nenda uhesabu." Nilikwenda nikahesabu. Vilikuwa vitatu. Nilikuwa nimeandika habari za ajali na mahakama kwa miaka mingi, na hakuna mhariri aliyewahi kunirekebisha kwa maneno machache hivyo. Baada ya hapo nilianza kukuandikia ripoti zako, na nilipostaafu gazetini nikawa mwanafunzi wako mwenye mvi.

Nyuma ya picha magunia yalikuwa mazima na mshono haujaachia. Mbele ilikuwa hali nyingine. Sehemu kubwa ilikuwa imeota weupe, na rangi inabanduka kama ganda la nduma iliyochemshwa. Nikamulika tochi kutoka ubavuni. Juu ya rangi kulikuwa na tabaka nene, la njano, linalong'aa mahali na kupasuka mahali. Kwenye kioo nikaona unywele wa brashi umenasa ndani yake. Ilikuwa vanishi ya fanicha.

Nikauliza nani aliipaka. Mama Kendi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Si ni Mwalimu wako. Alikuwa kijana, anafundisha shule ya hapo juu. Alikuja na mkebe akatuambia picha itang'aa kama meza ya askofu. Na kwa kweli iling'aa."

Nilikaa kwenye benchi. Niliandika alichosema, kwa penseli, na jina lake, na saa.

Niliporudi Embu nilifungua katoni. Daftari kuukuu kuliko yote, lile la jalada jekundu. "Harusi ya Githongo. Nimepaka vanishi, tabaka mbili. Imependeza sana." Kurasa chache mbele, kwa mkono uleule lakini herufi ndogo zaidi: "Nimepita Githongo. Imeanza kuwa ya njano. Nimejaribu kuitoa kona moja kwa thina. Rangi inatoka nayo. Nimeacha." Chini yake, ukiwa umepigiwa mstari mara mbili, ule usemi ulionilazimisha kuunakili ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu: Usiweke juu ya picha kitu usichoweza kukitoa.

Nilidhani umeusoma mahali.

Nikakumbuka pia kwamba kanisa hilo liliwahi kukuomba ukaiangalie picha, nawe ukasema magoti hayakuruhusu. Wiki ileile ulipanda ngazi Runyenjes kukagua mchoro wa dari, na mimi ndiye niliyeishika ngazi.

Nilikasirika, Mwalimu. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Vanishi ni kosa la kijana mwenye mkebe na wema mwingi, hilo naweza kulibeba. Lakini ulinifundisha kwa makosa ya watu wengine miaka yote hiyo. Lako ulilifungia katika katoni. Ungeniambia tu. Njiani, siku yoyote, tukila mahindi.

Basi. Sasa nikueleze nilivyobanwa, maana nilibanwa pande mbili.

Bima ya kanisa inalipa dhoruba. Hailipi kazi mbovu iliyokuwapo kabla ya dhoruba. Kijana wa ofisi yao, mwenye adabu na tai iliyonyooka, alinieleza taratibu, "Ukitaja vanishi, madam, hiyo ni kasoro ya zamani. Hapo sisi tunafunga faili." Faili likifungwa picha haina pa kwenda. Kamati ya kanisa ilikuwa imeshapima ukuta kwa ajili ya bango la plastiki la kuchapishwa Nairobi, lenye Yesu wa macho ya bluu. Magunia ya Mzee Baariu yangepelekwa stoo ya viazi, na kutoka stoo ya viazi hakuna kinachorudi isipokuwa viazi.

Upande wa pili alikuwepo mwenyekiti wa kamati. Alinisindikiza mpaka langoni, akashika lango, hakulifungua. "Madam, mvua ilinyesha, hata wewe uliisikia huko Embu. Andika mvua. Mwalimu amelala, mwache alale." Hakuwa mtu mbaya. Alitaka picha ilipiwe na jina lako libaki safi, na mimi nilitaka vyote viwili kuliko yeye.

Nilirudi na uzi. Niliutandaza juu ya picha nzima, miraba ya futi moja moja, jinsi ulivyonionyesha, nikachora ramani na kuandika hali ya kila mraba. Ilinichukua siku mbili. Mwenyekiti alipita akanikuta nimelala chali chini ya ngazi, kioo jichoni. "Kwani hii ni kesi ya mauaji?" akauliza. Nikamwambia bado sijajua.

Nilikuwa natafuta mahali ambapo vanishi ipo na maji hayakufika, na mahali ambapo maji yalifika na vanishi haipo. Vyote viwili vilikuwepo. Kona ya chini kushoto, nyuma ya kinanda, bati la juu yake halikung'oka. Pale pana vanishi yako, njano kama ya mahali pengine, lakini ni kavu na rangi imeshika. Upande wa kulia kuna mstari mrefu ambapo ubao wa namba za nyimbo ulikuwa ukining'inia, nawe ulipopaka hukujisumbua kuutoa. Pale magunia yalikuwa yamelowa na kulegea, lakini hayana vanishi, na rangi imeshika. Rangi imetoka pale tu ambapo maji na vanishi vilikutana. Maji yaliingia kwa nyuma, vanishi ikayazuia kutoka kwa mbele, na jua lilipopiga ukuta yakaisukuma rangi. Nilirudia kuhesabu mara tatu.

Niliandika hivi: "Rangi imebanduka kwa sababu maji ya dhoruba yalinaswa chini ya vanishi isiyofaa, iliyopakwa zamani kwa nia njema na marehemu Mwalimu Njeru, aliyenifundisha kazi hii. Bila dhoruba, rangi ingalikuwepo. Bila vanishi, picha ingalikauka. Picha inatengenezeka."

Halafu nikafuta "kwa nia njema". Nia sikuiona. Ningekuwa nimeandika hivyo kuhusu mtu mwingine, ungeniambia nifute. Badala yake niliambatisha nakala ya ukurasa wako ule, wenye mstari mara mbili, na kila mtu asome mwenyewe.

Kampuni ilibisha. Walimleta mtu wao kutoka Nairobi, akakaa nusu siku na ramani yangu, akihama kutoka kinanda hadi alama ya ubao na kurudi. Mwishowe walikubali sehemu ya dhoruba: paa, fremu mpya, kunyoosha magunia, na kubandika upya rangi inayoning'inia. Kutoa vanishi si kazi yao, wakasema, na ni kweli. Nikasema hiyo ni yangu.

Kamati ikanipa mpaka Krismasi. Nyuso zikionekana, picha inabaki. Zisipoonekana, bango. Mwenyekiti hakunisalimia kwa wiki tatu. Mkeo nilimpelekea nakala mwenyewe, nikamsomea. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hatukuwahi kusali pale, na ni kwetu." Akanikaangia mayai. Nadhani tuko sawa.

Sasa kila Jumamosi niko Githongo. Naanza na pamba na mate, kutoa masizi ya mishumaa. Mama Kendi aliponiona mara ya kwanza alisimama katikati ya kanisa na ndoo yake.

"Unamtemea bwana harusi mate?"

Nilimweleza ulivyonieleza, kwamba mate yana uvuguvugu na hayana ukali, na hakuna kitu cha dukani kinachoyashinda. Hakusema alikubali. Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa ya chai, akaiweka chini ya ngazi. "Kunywa," akasema. "Usije ukakaukiwa mdomo mbele ya Bwana."

Baada ya masizi inakuja vanishi yako. Situmii thina. Natumia spiriti kidogo kwenye kijiti, na kisu cha upasuaji, na kioo. Mahali ilipolowa inakatika kama ganda la yai. Mahali iliposhika, asubuhi nzima napata eneo la ukubwa wa kiberiti. Uliipaka vizuri, Mwalimu. Hilo pia nimeliandika.

Nilianza na mitungi, kwa kuwa pale hakuna uso wa kuharibu. Watu wote wanajua kwamba mitungi ile imejaa divai, kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Hata watoto wa Sunday school wanafundishwa hapo, wakielekezewa kwa fimbo. Mraba wa kwanza ulipokamilika nilishuka ngazi, nikafuta miwani, nikapanda tena. Nikamwita Mama Kendi.

Ni maji. Mzee Baariu alichora maji, meupe, yenye samawati kidogo ukingoni, na nukta moja ya mwanga kama ile aliyoweka kwenye macho ya ng'ombe wa bucha. Divai ilikuwa vanishi yako.

Mama Kendi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa. "Kumbe bado hajayageuza," akasema. Akanyooka, akawatazama wageni wote waliofunikwa na njano, nyanya na babu za watu. "Maskini. Wamengoja miaka yote hii na vikombe mkononi." Akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Mwenyekiti wa kamati aliletwa kuona. Alisogeza benchi lililokuwa linazuia mwanga wa dirishani, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata nilikuta dirisha limeoshwa.

Nyuso zitakuwa wazi kabla ya Krismasi. Nimepiga hesabu ya Jumamosi zilizobaki na inatosha, nisipougua, na sina mpango wa kuugua. Nguo na miti na anga vitachukua muda zaidi, na nitavifanya. Nikimaliza sitapaka chochote juu yake.

Mraba mmoja nitauacha. Ulinifundisha kuacha daima sehemu ndogo bila kuigusa, ili atakayekuja baadaye aone picha ilikuwaje na asilazimike kuniamini mimi. Nimechagua kona ya chini kushoto, nyuma ya kinanda. Kwa nyuma, kwenye gunia, nimeandika kwa penseli jina lako na ulichokiweka, na chini yake jina langu na nilichokitoa. Kosa lako halimo tena katika katoni.

Pumzika, Mwalimu. Mkoba wako uko mlangoni na tochi ina betri mpya. Jumamosi naanza uso wa bibi harusi.

Mwanafunzi wako,
Kawira