Vibanzi vya Juliana

Mpendwa Mama Juliana,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na Baba Juliana, na bibi yule asiyekubali kuvaa miwani. Kifua chako kinaendeleaje? Mama yangu amenieleza kwenye simu kwamba kikohozi bado kinakusumbua. Tafadhali mwambie Baba Juliana asikuache ubebe kuni, maana nakujua, utasema ni gogo moja tu, kumbe umehamisha rundo zima. Mimi huku sijambo, nashukuru. Vidole vya mikono vyote vimepona. Vya mguu wa kushoto viwili vimekatwa, vile vidogo vya pembeni, na daktari anasema nitatembea vizuri, ila huenda nikachechemea baridi ikizidi. Babu alipoambiwa alisema basi sasa soksi zitanidumu.

Bado nakuita Mama Juliana. Nasikia siku hizi dukani watu wanakuita kwa jina lako, Gertie, wanadhani ndiyo huruma yenyewe. Kama na wewe hulitaki tena jina hilo, nisamehe, lakini mimi sijui kukuita vingine.

Hospitali hii ni kubwa kuliko kijiji chetu chote. Chumbani tuko wawili, mimi na mama mmoja wa huku kusini anayelala mchana kutwa huku televisheni yake inapiga kelele. Dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa. Supu haina chumvi, nyama ni kuku kila siku ya Mungu, na wa kuongea naye lugha yetu ni mfagiaji mmoja tu, kutoka kwa watu wa mto wa pili, naye haji kila siku. Akija ananiuliza kama bado sijakimbia. Namjibu kwamba nasubiri mguu uote. Akiondoka, kunabaki kimya tena. Nina upweke, Mama, sitakuficha, lakini huo nimeuzoea tangu vuli, kabla hata sijaletwa huku.

Naandika kwa sababu ya swali uliloniuliza pale zahanati, ndege ilipokuwa inasubiriwa. Ulikaa pembeni ya kitanda, ukanishika mkono juu ya bandeji, ukaniuliza taratibu kama kule kwenye kambi yenu ya mawindo niliona kitu chochote cha Juliana. Chochote, ulisema, hata soksi. Nikageukia ukutani. Mama akakuomba uniache nipumzike, nawe ukatoka na kofia yako mkononi, hukuivaa, na nje kulikuwa na upepo. Sikuwa nimelala. Basi leo nakujibu, lakini ngoja nianzie mwanzo, maana uliyoyasikia ni ya Mjomba Sinclair, na unajua yeye akisimulia, sungura hugeuka dubu.

Siku ile nilimwambia babu naenda kutazama mitego ya sungura ng'ambo ya ziwa, na kwamba nitarudi kabla ya giza. Kwa kweli nilikuwa naikimbia nyumba. Tangu tumzike Juliana kila mtu kwetu alikuwa ananishika kama yai. Mama ananiwekea minofu minono. Elijah, mdogo wangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunipa amani, aliacha hata kunitania. Shuleni waliondoa kiti cha Juliana, wakasogeza viti vingine ili pengo lisionekane, nami nikawa naliona hilo pengo tu. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kunitazama usoni kuona kama nimelia.

Babu alinionya nipite kwenye mlango wa ziwa, pale penye wembamba, ambapo barafu sasa ni nene na hata malori yanapita. Nisithubutu kupita ghuba ya kijito, alisema, kwa sababu huko theluji imelala nzito na maji yamepanda chini yake. Nikasema ndiyo, babu. Lakini nilipofika mlangoni mwa ziwa nikauona ule msalaba mliousimamisha. Barafu iliyompasukia Juliana vuli, ikiwa bado nyembamba, sasa ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa, na watu wanapita juu yake wakienda kununua sigara. Mikono yangu ikakataa. Nikageuza pikipiki ya theluji, nikazunguka kwa ghuba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimepoteza vidole viwili tu, kwa hiyo naona nimepunguziwa.

Pikipiki ilizama katikati ya ghuba. Juu theluji nyeupe safi, chini uji wa maji na barafu. Nikashuka kuisukuma, maji yakajaa kwenye buti. Nilivuta, nikasukuma, nikatoa matusi yote ambayo mimi na Juliana tulijifunza kwa Mjomba Sinclair akitengeneza injini, kisha nikalia, nayo haikutikisika. Ule uji ulikuwa unaanza kuishika. Nyumbani nisingefika kwa miguu. Karibu na hapo palikuwa na kambi moja tu, yenu, na mimi nilikuwa nimeapa sitaikanyaga tena.

Nikatembea. Suruali iliganda ikawa inagongana kama mabati. Unaijua njia ile inayopita kwenye misonobari. Zamani tulikuwa wawili, Juliana mbele akiikanyaga theluji, mimi nyuma kwenye nyayo zake, naye haachi kuongea, kwamba natembea kama bata bukini mwenye mimba, kwamba siku nikiolewa bwana harusi itabidi anibebe mgongoni mpaka kanisani. Safari hii nilijikanyagia mwenyewe, nikizama mpaka mapajani. Nilimkasirikia. Uniwie radhi, Mama, lakini nilimkasirikia sana. Nilipaza sauti nikamwambia ameniacha na nani wa kunitangulia, mjinga yeye. Hakuna hata ndege aliyeruka.

Mlango haukuwa na kufuli, kama desturi. Ndani palikuwa na mwanga mdogo wa jioni. Magogo yalikuwa yamepangwa ukutani. Na kando ya jiko la bati, juu ya kipande cha gome, palikuwa na rundo la vibanzi, vijiti vya kuwashia moto vilivyochongwa nywele pembeni, na kiberiti ndani ya kopo.

Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba anayetoka kambini humchongea anayekuja, awe ndugu au mgeni, kwa sababu anayekuja huenda vidole vyake haviwezi kushika kisu. Hivyo vilikuwa vya Juliana. Nani mwingine anachonga kwa mkono wa kushoto, nywele za kila kijiti zikajikunja upande usio wake? Babu alikuwa akimcheka kwamba vibanzi vyake vinatazama nyuma. Alivichonga asubuhi ile ya mwisho, akarudisha mlango, akashika njia ya nyumbani kupitia mlango wa ziwa.

Sikuweza kuviwasha. Wewe ulikuwa umeshatenda yote yanayotupasa. Nguo zake zilichomwa, bunduki na viatu vya theluji na gitaa vikagawiwa, ili aende zake bila kugeuka nyuma. Ulisimama unagawa kwa mikono yako mbele ya watu wote, wala hukuyumba. Hapakubaki kitu, na sasa mimi peke yangu nilikuwa nimekuta kazi ya mkono wake, haijaguswa na mtu. Niliketi sakafuni nikavichukua kimoja kimoja nikavitazama. Nikajiambia nitapata vijiti vingine nje.

Hilo ndilo kosa langu, Mama, si ghuba. Nilitoka na buti zilizoganda, nikavua glovu ili nishike vizuri, nikavunja matawi makavu ya chini ya misonobari. Nilipoyaleta yalikuwa na barafu ndani ya magome, yakafuka moshi tu na kuzimika, na njiti za kiberiti zikawa zinakwisha. Shoka lilikuwepo, lakini mpini uliteleza, sikuweza hata kukunja ngumi. Kisha baridi ikaacha kuuma. Unajua maana yake. Nikaanza kujisikia vizuri, nikapakata vibanzi vyake, nikaona hata nikilala hapohapo si vibaya. Hili sijamwambia mama yangu. Sikuwa nataka kufa. Sikuona tu sababu ya kuinuka.

Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti yake. Sikusikia kitu. Lakini namjua Juliana kuliko ninavyojijua, na nilijua kabisa angesema nini kama angefungua mlango ule akanikuta. Angeniambia, wewe Hattie, mimi nimekunja mgongo asubuhi nzima nachonga, halafu wewe umevipakata kama vitoto? Hebu washa moto huko, mwone kwanza, pua imekuwa kama biringani! Nikaishika njiti ya kiberiti kwa viganja viwili, kama mtu anayesali. Vikashika mara moja.

Kesho yake dhoruba ilifunga kila kitu, nikakaa. Ilipotulia, Mjomba Sinclair na wenzake wakafika, na kabla hajanikumbatia alinigombeza kwamba wameacha mechi ya hoki kwa ajili ya msichana asiyejua ghuba na barabara. Halafu akageuka akafuta uso kwa glovu, akasema ni upepo. Usimwambie nimekuambia. Kabla hatujaondoka nilimwomba kisu. Akaniuliza kama nimerukwa na akili, na mikono imevimba namna ile. Nikamwambia anayekuja hatajua habari za mikono yangu. Nilichonga vichache, vibaya, Juliana angecheka mpaka akohoe. Lakini vipo.

Sasa jibu lako. Ndiyo, Mama, palikuwa na kitu chake. Kilikuwepo, na mimi nikakichoma. Sikubakiza hata kimoja cha kukuletea. Nilikuwa nimetenga kimoja, kizuri kuliko vyote, nimekiweka nyuma yangu, lakini magogo yalikuwa hayajashika, moto ukaanza kunywea, nikakitia na hicho. Na kuna neno lililo zito zaidi, ndilo lililonigeuza uso pale zahanati. Zile nywele zilipojikunja zikawa nyekundu, sikulia. Nilifurahi. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nimekodoa macho kwenye jiko lenu, kwa sababu joto lilinifika usoni na nilikuwa hai. Mwanao yuko kaburini, na mimi nacheka kambini kwake. Tangu siku hiyo nimekuwa naogopa macho yako kuliko nilivyoiogopa barafu.

Ndege ya kunirudisha itakuja baridi ikipungua, bata bukini wakishaanza kupita kurudi kwetu. Nitakuja mlangoni kwako kabla sijaenda kwetu. Usipofungua nitaelewa, nami sitakulaumu. Lakini ukifungua, Mama, usiniulize tena soksi. Nishike mikono. Uliniomba kitu alichokiacha Juliana, na sina kingine.

Msalimie Baba Juliana, mwambie nimeona paa la kambi limeinama upande wa kaskazini, alitazame kabla theluji haijayeyuka. Msalimie bibi, na avae miwani. Mungu akulinde, akuondolee hicho kikohozi, akupe usingizi.

Ni mimi mwanao,

Hattie