Nyumba Uliyoitafuta Kampala Siku ya Krismasi

Mwaka umetimia, Baba yetu Melkiory Byabato, tangu asubuhi ya tarehe 19 Januari 1991 ulipoanguka katika kahawa zako hapa Chonyonyo, kisu cha kupogolea kikiwa bado mkononi.

Wengi wanakukumbuka kwa wema wako. Jirani yako mzee Protase hajapata mtu mwingine wa kumwezekea paa bila kuombwa. Watoto walikufuata kwa ajili ya ndizi mbivu ulizoficha kwenye koti. Kilabuni ulikunywa rubisi kikombe kimoja tu, ukaaga.

Lakini kilio cha mtoto ndani ya nyumba iliyofungwa hukukiweza. Ulikimbia kufungua mlango, hata kama nyumba si yako. Tulikutania sana. Hatukujua.

Krismasi ya 1990 dada yetu Kokuhirwa, aliyeolewa Kampala, alitualika sote. Sisi tulikuwa hatujawahi kuvuka mpaka. Wewe ulikwishafika huko mwaka 1979, ukiwa askari wakati wa vita. Tangu mpakani Mutukula ulikaa umegeukia dirisha. Tukadhani ni uchovu wa basi.

Baada ya misa, matoke yakiwa bado jikoni, ulimwambia Kokuhirwa, "Mwanangu, nisindikize mahali."

Mlitembea hadi kwenye nyumba ya matofali nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo ukasimama.

"Risasi zilitoka upande huu," ukamwambia. "Nikaupiga risasi mlango ule. Akalia mtoto. Kisha akanyamaza. Sikufungua, Kokuhirwa. Tuliitwa twende, nikaenda."

Ukapiga hodi. Akatoka mama mmoja. Ulimsalimia kwa Kinyambo chetu, akakujibu kwa Kiganda, mkaelewana. Alihamia pale mwaka 1984 na waliomtangulia hakuwajua. Akamwita jirani yake, mzee wa siku nyingi. Mzee akasema wako wanaodai mtoto alizikwa nyuma ya nyumba, na wako wanaodai familia nzima iliondoka hai kwenda Masaka.

"Mimi sikuona," akasema. "Nilikuwa nimekimbia."

Ndipo ulipomweleza yule mama kilichokuleta.

"Siwezi kukusamehe, mzee," akasema. "Mtoto hakuwa wangu."

Jioni hiyo wakwe zako waliimba na kupiga makofi. Mjukuu wako Kokushubira akaamka chumbani, akaanza kulia. Tulikuona ukiinuka upesi kama kawaida yako. Ulifika mlangoni, ukanyoosha mkono, ukashindwa kugusa kitasa. Mama ndiye aliyefungua.

Tuliporudi nyumbani ulimwambia Mama yote, mkiwa mnamenya ndizi.

"Nikifa msinisifu tu," ukamsihi. "Yasemeni na haya."

"Baba Kokuhirwa, watu watatuonaje?"

Wiki chache baadaye tukakuzika, na juu ya kaburi lako tulikusifu tu.

Tangu hapo nyumba hii haijatulia. Yustus anasema mtoto huyo humjia ndotoni, hana uso. Mama huacha kumenya ndizi ghafla, akasikiliza. Egbert, mwanao mkubwa wa kiume, alikataa katakata jambo hili kutajwa. Alisema baba yake alipigania nchi, basi. Tulibishana naye mwaka mzima. Juma lililopita Mama alimwekea karatasi na kalamu mezani, akamwambia, "Andika wewe." Maneno haya ameyaandika Egbert kwa mkono wake.

Tunakulilia, Baba. Tunamlilia na mtoto ambaye hata jina lake hatulijui. Kama yu hai, sasa ni kijana au msichana mkubwa. Yeyote anayejua habari za familia ile, tunamwomba atufikie hapa Chonyonyo. Hata kama habari ni mbaya, tutampokea na kumpa kiti.

Unakumbukwa na mkeo Adelgunda, wanao Kokuhirwa, Egbert na Yustus, mkweo wa Kampala, mjukuu wako Kokushubira, na jirani yako Protase.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, vile ulivyokuwa, bila kupunguza kitu.