Dume Aliyerudi Kwenye Tangi

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, nzito kama mimi mwenyewe. Vipi hali, na lile jino? Huku sote wazima, samaki wako pia, ingawa utasikia mengi. Ndiyo maana nimeshika kalamu kabla maneno ya watu hayajakufikia.

Uliniachia tangi la kioo, maji ya chumvi, matumbawe na samaki sita: dume mmoja mwekundu mwenye mistari ya buluu, na majike watano wa rangi ya chungwa. Nimewalea hakuna mfano. Nikikohoa tu wanapanga foleni. Daktari wa mifugo alikuja kuwaona, akashika mdomo. Kila jioni baba wa mchumba wako, yule fundi cherehani, alikuwa anakuja kukaa kwenye kigoda, macho kwenye kioo. Nikajiuliza, mtu mzima anatafuta nini kwa samaki wasioliwa?

Wiki ya tatu dume akatoweka. Nikahesabu mara tisa: watano. Nikaanza kuangalia mifuko ya koti la fundi. Ni mikubwa, na kaishona mwenyewe! Nilipomdokeza, akasema nihesabu vizuri, mzee mwenzangu, pengine kajifukia mchangani, ndimo wanamolala. Yeye alijuaje?

Siku ishirini baadaye nakuta dume karudi! Mwekundu, mistari ile ile. Nahesabu, bado watano, ila jike mkubwa hayupo. Nikaona mchezo wote: mwizi kaingiwa na hofu, karudisha dume, kabeba jike. Nikamfuata fundi kibandani kwake, mbele ya wateja, nikasema hatuoi kwa watu wenye mkono mrefu, habari ya ndoa ife leo. Mchumba wako alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu. Pasi aliiacha hapo hapo juu ya suruali.

Jana nikamsimulia muuza samaki. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hao ndivyo walivyo: dume akiondoka, jike mkubwa hugeuka akawa dume, rangi na kila kitu. Mimi nilikuwa nalijua hilo, basi tu lilinitoka kichwani.

Sasa lile gumu. Ule wavu wa kufunika tangi, uliosema usiondolewe hata kidogo, niliuondoa mimi, wageni waone samaki wanavyokula mkononi mwangu. Leo asubuhi nimesogeza kabati. Dume wako wa kwanza alikuwa nyuma yake, mkavu kama soli ya kiatu. Aliruka mwenyewe.

Nimekwenda kwa fundi kuomba radhi. Binti hakunitazama. Fundi akasema amesamehe na ndoa ipo, kwa sharti moja: nikuandikie kwa mkono wangu nani aliondoa wavu, naye awepo. Basi yupo hapa kwenye kigoda, kavaa miwani, anasoma kila mstari. Anasema pale kwenye daktari wa mifugo nirekebishe. Hakuja daktari.

Fundi anakusalimu. Binti naye anakusalimu, wewe tu.

Ni mimi mjomba wako,
niliyeondoa wavu.